Malaria ya utotoni mwetu imekwenda wapi? Watu wa Malindi, Kilifi na Lamu karibuni

#1 MwanaBarani
Salaam jamaa. Mimi ni mzaliwa wa Barani hapa Malindi na bado niko hapa. Enzi zetu masika yakianza tu, nyumba nzima inalala chini. Leo huyu anatetemeka, kesho yule. Mama alikuwa na klorokwini kabatini wakati wote, ile ukimeza mwili mzima unawasha mpaka unajisugua kwenye ukuta. Mtaani watoto walizikwa, na wazee wakisema ni degedege.

Sasa nina wanangu watatu. Mkubwa yuko Gredi ya Saba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa kwa malaria. Wiki iliyopita nilimsikia daktari redioni akielezea utafiti wa Kwale wa dawa ya ivermectin, akapitia kusema kuwa malaria Pwani ilishuka sana tangu zamani na wataalamu bado wanabishana ni kwa nini. Hilo limenikaa kichwani.

Dai langu: ni neti. Zilipogawiwa bure ndipo watoto wakaacha kufa. Mwenye hoja nyingine ailete.

#2 BintiMambrui
Neti, hapana shaka. Kwetu hata mbuzi wa marehemu bibi alikuwa na yake.

#3 MtuWaGanda
Bi Mambrui, za kwenu zilifunika mbuzi, za huku Ganda zilizungushiwa miche ya mchicha. Na malaria ikapungua vilevile. Kwa hiyo neti peke yake haitoshi.

#4 NesiMstaafu
Nimefanya kazi wodi ya watoto hospitali kadhaa za Pwani kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa urefu kidogo.

MwanaBarani, ushahidi kwamba neti yenye dawa inaokoa mtoto ulitoka hapa hapa kwetu. Kilifi ilifanyiwa jaribio kati ya 1993 na 1995. Vijiji vingine vilipewa neti zilizochovywa dawa, vingine vikasubiri. Matokeo yalichapishwa 1996: vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Kwa hiyo neti naitetea mpaka kesho.

Lakini tarehe zako zina kasoro. Kampeni kubwa ya kugawa neti bure nchini ilikuwa 2006. Sasa tazama hesabu za hospitali ya Kilifi zilizochapishwa 2008: mwaka 2003 watoto waliolazwa kwa malaria walikuwa 18.43 kwa kila watoto 1,000. Mwaka 2007 walikuwa 3.42. Mteremko ulikuwa umeshaanza kabla ya neti za bure kufika. Sisi wodini tuliuona kwa macho. Kuna msimu tulizoea kulaza watoto wawili wawili kitanda kimoja, na wengine kwenye mkeka baina ya vitanda. Halafu mvua ikaja, tukaandaa chupa za damu na kwinini kama kawaida, na vitanda vikabaki vitupu. Tulikuwa tukiulizana, wagonjwa wamekwenda wapi?

#5 MwanaBarani
Shukran Nesi. Sasa umenivuruga. Kama neti zilikuja nyuma ya mteremko, nani aliusukuma?

#6 MtuWaGanda
Dawa. Hapo hakuna fumbo. Klorokwini ilikuwa imechoka, vimelea vimeizoea. Serikali ikaiacha 1998 ikaleta Fansidar na wenzake, nayo ikachoka. Kisha 2006 ikaja dawa mseto, Coartem. Mtu akinywa Coartem vizuri, damu yake haina tena vimelea vya kumpa mbu. Mbu anabaki na njaa tu, hana cha kusambaza.

#7 NesiMstaafu
Ndugu Ganda, Coartem ni dawa nzuri sana, nimeona watoto waliokuwa wamekata kauli wakiamka. Ila nayo ilianza kufika zahanati 2006. Umerudi pale pale kwa MwanaBarani.

#8 Amu_Langoni
Salaam kutoka Amu, yaani mji wa Lamu. Mimi nina mashaka na swali lenyewe. Nani kawaambia kuwa homa zote za utotoni mwenu zilikuwa malaria?

Mwaka 2004 hapa Amu ilitushika homa moja watu hawaisahau. Mtu alala mzima, asubuhi hawezi kushuka kitandani. Viungo vyauma, vidole vimefura, wazee watembea wameinama mpaka msikitini. Wangi wetu tulipewa dawa za malaria, kwa sababu ukiwa na homa Pwani basi wewe una malaria. Watu walipopimwa damu baadaye ikaonekana ni chikungunya, homa ya virusi inayoletwa na mbu. Watafiti walikadiria kuwa robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa, kama watu 13,500. Ugonjwa ukatoka hapa ukaingia Komoro na Réunion, kisha India.

Sasa ikiwa robo tatu ya mji yaweza kuugua kitu kingine na kikaitwa malaria, je, hizo homa za masika za Barani?

#9 KijanaMaabara
Namuunga mkono Amu_Langoni. Niko maabara, na mabadiliko makubwa niliyoyaona si ya mbu wala dawa, ni ya kipimo. Zamani mtoto akiwa na joto anaandikiwa malaria bila kutobolewa kidole. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisema kila homa ipimwe kwanza kabla ya dawa. Tangu vipimo vya haraka vienee zahanati, karatasi za malaria zimepungua ghafla. Si kwamba ugonjwa wote ulikimbia. Sehemu yake haikuwepo.

#10 NesiMstaafu
Kijana, kwa zahanati za vijijini unasema kweli. Lakini hesabu nilizotoa ni za watoto waliolazwa Kilifi, na pale kuna watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wa shirika la Wellcome la Uingereza tangu 1989. Kila mtoto aliyelazwa alichukuliwa damu ikatazamwa kwa darubini. Hizo si homa za kukisia. Walikuwa na vimelea, kisha wakawa hawana.

#11 KijanaMaabara
Kwa Kilifi sawa. Kwa Malindi, Magarini na Lamu nasimama nilipo, kwa sababu huko darubini zilikuwa za kuhesabu.

#12 FundiJahazi
Amu_Langoni umenikumbusha mbali. 2004 nilikuwa nachonga taruma la jahazi Matondoni, nyundo ikanitoka mkononi. Nilidhani nimerogwa. Ule mwaka ulikuwa wa kiangazi, mai hayapatikani, kila nyumba imeweka madumu na mapipa. Mbu walizaliwa humo humo ndani.

Zamani majumba ya mawe yalikuwa na birika, na ndani ya birika watu walifuga visamaki vidogo. Havikuwa pambo. Kazi yao kula vile viluwiluwi vya mbu. Msikitini pia, ukichota mai ya udhu wakuja kukubusu miguuni. Watu wakaleta matangi ya plastiki, samaki wakasahauliwa.

#13 BintiMambrui
Fundi, hivyo visamaki bado vinapatikana? Nina birika la saruji nyuma ya nyumba na jioni hapakaliki.

#14 FundiJahazi
Vipo. Uliza wazee wa misikiti ya zamani Mkomani, watakupa hata kwenye kopo. Usiwape chakula kingi, watakuwa wavivu.

#15 MwalimuBio_Gede
Jamani kabla hatujahamia kwenye ufugaji wa samaki, tuwatazame mbu wenyewe. Nafundisha biolojia na hili ndilo ninalolipenda.

Mbu wa malaria si mmoja. Kuna Anopheles gambiae, ambaye anapenda damu ya binadamu na anapenda kuuma ndani ya nyumba, usiku wa manane. Kuna Anopheles arabiensis, anayemuuma mtu lakini hakatai ng'ombe, na mara nyingi anauma nje. Kuna funestus. Na kuna merus, wetu wa Pwani, anayezaa kwenye maji yenye chumvi kando ya mikoko. Watafiti waliolinganisha mbu wa Pwani ya Kenya kwa kipindi cha miaka 20, kazi iliyochapishwa 2013, walikuta yule gambiae hasa amepungua sana na arabiensis kachukua nafasi. Mbwa mwitu katoka, kaja mbweha. Bado anauma, lakini si hatari kama yule wa kwanza.

Kwa hiyo jibu langu: mtaa ni ule ule, mbu ni wengi vile vile, ila si mbu wale wale.

#16 MwanaBarani
Mwalimu hii ni mpya kwangu. Lakini huyo gambiae aliondoshwa na nini?

#17 MwalimuBio_Gede
Neti zilimwumiza zaidi kuliko wenzake, kwa sababu yeye ndiye anayekuja chumbani.

#18 MtuWaGanda
Haha! Mwalimu kazunguka msitu mzima wa Arabuko akatokea mlango wa MwanaBarani.

#19 MwalimuBio_Gede
Ganda, sikukataa neti. Nimesema neti imefanya kazi kwa njia ambayo watu hawaioni. Na mbu wanaouma nje saa moja jioni, tukiwa barazani tunakunywa kahawa, hawana habari na neti yako.

#20 Mwanapwani_Daima
Mnasahau damu zetu. Sisi watu wa Pwani tumeishi na huu ugonjwa karne nyingi na miili imejifunza. Kuna kitu kinaitwa Dantu, ni aina ya damu. Watafiti wa Kilifi pamoja na wenzao wa Uingereza waliandika juu yake katika jarida la Nature mwaka 2020, mwandishi wa kwanza ni Silvia Kariuki. Walichukua damu ya watoto 42 wazima wa Kilifi, wengine wana nakala moja ya jeni hiyo ya kurithi, wengine mbili, wengine hawana. Wakarekodi video ya kimelea kikijaribu kuingia kwenye chembe nyekundu. Kwenye damu ya Dantu ngozi ya chembe imekazwa kama ngozi ya ngoma. Kimelea kinagonga, kinasukuma, kinashindwa. Hapa Kilifi karibu mtu mmoja kati ya kumi anayo, na kwingineko Afrika ni adimu.

Ndiyo maana watoto wa MwanaBarani hawaugui.

#21 NesiMstaafu
Utafiti huo ni wa kweli na ni wa kujivunia. Lakini ndugu, jeni haienei mji mzima ndani ya miaka minne. Kama Dantu ipo leo, ilikuwepo pia wakati sisi tunalaza watoto wawili kitanda kimoja. Dantu inaeleza kwa nini mtoto huyu aliugua sana na wa jirani akacheza mpira. Haielezi 2003 na 2007.

Vivyo hivyo selimundu. Mtoto aliyerithi nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili anaugua ugonjwa wenyewe, maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, na kwake yeye malaria ni hatari sana. Tafadhalini, mkiwa na mtoto anayelialia mifupa na macho ya njano, apimwe. Wengi huja wamechelewa.

#22 BintiMambrui
Nesi, ya mwisho hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Mpwa wangu aliitwa "mtoto wa pepo" mpaka alipofika miaka sita. Alikuwa akifura vidole, akipelekwa kwa mganga anachanjwa. Siku aliyopimwa ndipo tukajua ni selimundu. Sasa anakunywa dawa zake, anakwenda kliniki, anasoma. Ile miaka sita inaniuma.

#23 Mwanapwani_Daima
Pole dada. Mungu amlinde.

Nesi, nakubali jeni haziendi mbio. Lakini usiache kinga ya mwili ya kawaida.

#24 MfugajiGarashi
Salaam. Nimesoma yote. Mbona aliyeanzisha uzi kataja utafiti wa Kwale na hakuna aliyeueleza? Hii ivermectin si ndiyo tunayowapiga ng'ombe sindano kwa kupe na minyoo?

#25 MwalimuBio_Gede
Ndiyo hiyo hiyo kwa asili. Walioigundua, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walipata Nobeli 2015, na mwaka huo huo Tu Youyou wa China akapata yake kwa artemisinini, ambayo ndiyo roho ya Coartem. Dawa mbili za tuzo moja, na zote mbili zinahusu watu wa huku.

Utafiti wa Kwale unaitwa BOHEMIA, matokeo yalitoka Julai 2025. Wazo lake limenivutia: dawa haimtibu mtu malaria, inaigeuza damu ya mtu kuwa sumu kwa mbu. Mbu akikunyonya, anakufa. Watu walipewa mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, mvua za vuli zikianza. Vijiji vingine vilipewa albendazoli, dawa ya minyoo. Watoto wa miaka 5 hadi 15 kwenye vijiji vya ivermectin walipata maambukizi mapya machache kwa asilimia 26. Na wengi wao tayari walikuwa na neti. Kwa hiyo hiyo ni faida juu ya faida.

Na inamfuata yule mbu wa nje niliyemtaja. Akiuma barazani, anakufa barazani.

#26 BintiMambrui
Na kunguni? Nimesikia pia inaua kunguni.

#27 MwalimuBio_Gede
Msumbiji, ambako utafiti ndugu wa huo ulivurugwa na kimbunga mwaka 2022, watu waliripoti kuwa kunguni, chawa na upele vimepungua. Wanakijiji huipenda dawa kwa sababu hiyo kuliko malaria yenyewe.

#28 Amu_Langoni
Basi hapa Amu tuna neno. Mwaka 2018 Lamu na Jomvu kule Mombasa ndiko kulikoanzia vidonge vya mseto wa tatu kwa ajili ya matende na mabusha: ivermectin, albendazoli na ile inayoitwa DEC. Wahudumu walipita nyumba kwa nyumba, wanakupima urefu, unameza mbele yao. Babangu alipata kizunguzungu na homa usiku ule, wakatuambia ni minyoo inakufa. Matende twayajua sisi. Nimekua nikiona wazee wa heshima wasiotoka nyumbani kwa aibu ya mguu.

Sasa nauliza wataalamu. Huenda vidonge hivyo vilituulia mbu wa malaria bila sisi kujua?

#29 NesiMstaafu
Swali zuri sana. Ila vidonge vya matende hutolewa mara moja kwa mwaka, na ivermectin hukaa kwenye damu siku chache, haimalizi hata mwezi. Kwale walitoa dozi kubwa, na wakairudia kila mwezi. Pengine mbu walipukutika wiki ile. Mwaka mzima, hapana.

Kwa matende yenyewe mseto wa tatu ni jambo kubwa. Utafiti wa Papua New Guinea uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa dozi moja tu ya dawa tatu iliwasafisha vijiminyoo kwenye damu asilimia 96 ya watu, na walikuwa hivyo mwaka mmoja baadaye. Wa dawa mbili, asilimia 32. Mkija kugongewa mlango tena, mezeni.

#30 MfugajiGarashi
Nesi, nina chupa ya ng'ombe hapa. Kwa uzito wa mtoto si naweza kukisia?

#31 NesiMstaafu
HAPANA ndugu yangu. Nakuomba kama mama. Ile ya ng'ombe ina nguvu nyingine na vimiminika vingine, na kwa mtoto inaweza kuleta degedege na kupoteza fahamu. Hata ile ya watu haipewi mtoto aliye chini ya kilo 15 wala mama mjamzito. Na bado si mpango wa serikali wa malaria. Ni utafiti. Iache bandani.

#32 MfugajiGarashi
Nimeelewa mama. Haitatoka bandani.

#33 MtuWaGanda
Na chanjo je? Hapo nina dukuduku. Watoto wa Kilifi walidungwa tangu majaribio ya mwanzo ya ile chanjo ya RTS,S. Ripoti ya 2008 ilikuwa ya Kilifi na Korogwe Tanzania. Ilipokuwa tayari, 2019, ikaanzia Homa Bay na kaunti za Ziwa. Huku damu ilitoka, kule faida ikaenda. Kwa nini?

#34 KijanaMaabara
Ganda, uchungu wako naujua, lakini angalia takwimu za kitaifa. Uchunguzi wa 2020 ulipima watoto: kanda ya Ziwa asilimia 19 walikuwa na vimelea, Pwani asilimia 5. Miaka mitano nyuma ilikuwa 27 na 8. Chanjo ilikuwa chache, ikapelekwa kwenye moto mkali.

#35 MtuWaGanda
Asilimia 5 ya Pwani nzima inaficha mengi. Njoo Langobaya au Marafa baada ya mvua, Sabaki ikiwa imefurika, utaona asilimia ngapi.

#36 Bagamoyo_Kwetu
Wakuu, naingia kutoka upande wa pili wa mpaka. Chanjo ya pili, R21, ilijaribiwa Bagamoyo kwetu na Kilifi kwenu, pamoja na Burkina Faso na Mali. Matokeo ya 2024: sehemu zenye malaria ya mwaka mzima kama zetu ilipunguza kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2023. Ni ya bei nafuu kuliko ile ya kwanza. Msikate tamaa, itafika.

#37 NesiMstaafu
Ahsante Bagamoyo. Naongeza tahadhari. Watoto wa Kilifi waliopewa RTS,S kwenye jaribio la mwanzo walifuatiliwa miaka saba, matokeo yakatoka 2016. Kinga ilishuka mwaka hadi mwaka, ikawa ndogo mno mwishoni. Kwa hiyo dozi za nyongeza si za kupuuza, na neti haitupwi kwa sababu mtoto kachanjwa. Lakini pale ilipotumika kwa wingi Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto kwa jumla vilipungua kwa asilimia 13. Kwa mtu aliyewahi kufunika mtoto shuka, asilimia 13 ni watoto wenye majina.

#38 Mama_Maweni
Nimekuwa nikisoma kimya. Mwanangu wa miaka 11 kazaliwa Maweni hapa mjini, hajui malaria. Likizo ya Agosti alikwenda kwa bibi yake upande wa Marafa. Alirudi na homa, nikasema mafua, nikampa Panadol. Siku ya pili akaanza kuniita kwa jina la shangazi yake. Hospitalini wakasema malaria imepanda kichwani. Binamu zake wa Marafa waliolala chumba kimoja naye walikuwa wazima kabisa. Alipona, alhamdulillahi. Lakini nataka kujua, kwa nini yeye na si wao?

#39 NesiMstaafu
Pole sana mama, na alhamdulillahi. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote kwenye uzi huu. Binamu zake wameumwa na mbu wenye vimelea tangu wachanga, miili yao imejenga kinga. Wako hakuwahi. Ugonjwa uliposhuka Kilifi, umri wa watoto wanaolazwa ulipanda. Zamani walikuwa wadogo zaidi, sasa tunaona wakubwa, na wakubwa ndio mara nyingi inawapanda kichwani. Mtoto wa mjini akitoka mashambani na homa, hata baada ya wiki mbili, semeni mapema kuwa alisafiri. Apimwe siku hiyo hiyo.

#40 Mwanapwani_Daima
Si nilisema kinga ya mwili! Tena huenda ni Dantu ya hao binamu.

#41 Mama_Maweni
Bibi yao ni mmoja, ndugu.

#42 KijanaMaabara
Bibi mmoja, lakini kila mjukuu anachukua lake. Hata hivyo namuunga mkono Nesi.

#43 MfugajiGarashi
Mimi nina hoja ambayo hamjaigusa. Mvua. Baada ya El Niño ya 1997 na 1998, malisho huku hayakuwa yale tena. Mabwawa yaliyokuwa na maji mwaka mzima yakawa ya msimu. Mbu huzaa wapi kama hakuna maji? Miaka mnayosema malaria ilishuka, sisi tulikuwa tunahamisha mifugo kutafuta maji.

#44 MwalimuBio_Gede
Ukame huchangia, lakini malaria haikurudi pale pale mvua kubwa ziliporudi. Kama ingekuwa mvua tu, ingepanda na kushuka nayo.

#45 MfugajiGarashi
Baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023 huku ilipanda. Uliza zahanati yoyote ya kando ya Sabaki.

#46 FundiJahazi
Nami nawatahadharisha na kitu kingine. Nimesikia kuna mbu mgeni ameingia Kenya kutoka Asia, anayezaa kwenye matangi na mapipa safi ya mjini. Huyo akifika Amu, mji wa mawe na mapipa, itakuwaje?

#47 MwalimuBio_Gede
Ni kweli Fundi. Anopheles stephensi. Alionekana Djibouti 2012, na Kenya alipatikana Marsabit mwishoni mwa 2022. Wenzake wanataka madimbwi ya shamba, yeye anaridhika na tangi lako la juu ya dari. Lifunike, au rudisha samaki wako.

#48 Amu_Langoni
Naye anakuja wakati misaada ya Marekani ya neti na vipimo ilikatizwa mwanzoni mwa 2025. Yeo ukienda zahanati, vipimo vya haraka huambiwa vimekwisha, mtu aandikiwa dawa kwa kukisia kama mwaka wa 2004. Tutajuaje ikirudi?

#49 MwanaBarani
Nimejifunza mengi, shukran nyote. Bado naona neti ina sehemu yake kubwa, hata kama haikuanza.

#50 MtuWaGanda
Dawa, ndugu. Na hata dawa yenyewe tuichunge. Rwanda, Uganda na Tanzania vimelea vinavyoanza kuizoea artemisinini vimeshaonekana. Mtu akimeza nusu, nyingine akamwekea jirani, anavifundisha.

#51 NesiMstaafu
Kwenye kumaliza dozi tuko pamoja Ganda, hapo sina ubishi. Ila 2003 mpaka 2005 hujanijibu. Dawa yako haikuwa imefika na neti za MwanaBarani hazikuwa zimefika, na vitanda vyangu vilikuwa vinapungua watoto.

#52 MtuWaGanda
Neti za kununua zilikuwepo. Akina mama walikuwa wanauziwa kwa bei nafuu kliniki. Hizo hujazihesabu.

#53 NesiMstaafu
Hizo nakupa. Lakini leta idadi ya nyumba za Ganda zilizokuwa nazo, tuone kama zinatosha.